Tiba ya kuzuia TNF

Tiba ya kuzuia TNF ni aina ya matibabu inayotuliza baadhi ya magonjwa ya mchochota kwa kuzuia protini moja ya mfumo wa kinga inayoitwa TNF. Magonjwa hayo ni pamoja na baridi yabisi, ugonjwa wa Crohn wa utumbo, soriasisi ya ngozi na spondilitisi, yaani mchochota wa uti wa mgongo. Dawa zake zinazojulikana zaidi ni infliksimabu, etanesepti na adalimumabu.

Tiba hiyo ilipatikana kutokana na uchunguzi wa seli za kinga za binadamu. Seli hizo zilitolewa katika viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi mjini London, Uingereza, katika miaka ya 1980. Watafiti wakuu walikuwa Marc Feldmann na Ravinder Maini. Walionyesha kwamba kati ya protini nyingi zinazochochea ugonjwa huo, moja inazitangulia nyingine, na kwamba ikizuiwa nyingine nazo hupungua.

Mchochota

Mchochota ni namna mwili unavyojibu jeraha au vijidudu. Mtu akichomwa na mwiba, baada ya saa chache sehemu ile huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na kuuma. Dalili hizo hutokea kwa sababu mishipa midogo ya damu hutanuka na kuruhusu maji na seli nyeupe za damu kuingia katika nyama iliyojeruhiwa. Seli hizo humeza vijidudu na kuondoa mabaki ya seli zilizokufa. Kazi ikiisha, mchochota hupoa na jeraha hupona.

Katika magonjwa ya mchochota wa kudumu hali hiyo haiishi. Seli za kinga huendelea kukusanyika mahali pasipo na kijidudu chochote, na kemikali zilizokusudiwa kuua vijidudu huharibu mwili wenyewe.

Baridi yabisi

Katika lugha ya kila siku jina "baridi yabisi" hutumika kwa maumivu ya aina nyingi ya viungo na mifupa, na wengi huamini kwamba yanaletwa na baridi. Makala hii inahusu ugonjwa mmoja maalumu, ambao mfumo wa kinga hushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Ugonjwa huo hauletwi na baridi. Ni tofauti pia na kuchakaa kwa viungo kunakowapata wazee, na jongo, ambayo hutokana na chembe za asidi ya yuriki.

Baridi yabisi huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya vidole na viganja, pande zote mbili za mwili. Mgonjwa huamka asubuhi vidole vikiwa vimekakamaa, na huenda saa nzima au zaidi ikapita kabla hajaweza kufunga kifungo au kushika kikombe. Utando wa kiungo, ambao kwa mtu mwenye afya ni mwembamba sana, hunenepa, hujaa seli nyeupe na kuanza kula gegedu na mfupa. Bila matibabu vidole hupinda na wagonjwa wengi hushindwa kuendelea na kazi zao.

Kabla ya miaka ya 1990 madaktari walitumia aspirini na dawa nyingine za kutuliza maumivu, steroidi, sindano zenye chumvi za dhahabu, na methotreksati. Hii ya mwisho bado ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi hadi leo. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao viungo vyao viliendelea kuharibika licha ya dawa hizo zote.

Sitokini

Seli za kinga huwasiliana kwa kutoa protini ndogo ziitwazo sitokini. Sitokini hutoka katika seli moja, hufika kwenye seli nyingine na kujishikiza kwenye kipokezi kilicho juu yake, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Seli iliyopokea hubadili mwenendo wake: huenda ikaanza kugawanyika, ikahama, au ikatoa sitokini zake yenyewe.

Katika miaka ya 1980 ujuzi wa kunakili jeni uliwezesha wanasayansi kuzitambua sitokini moja baada ya nyingine. Zilipotafutwa katika viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi zilionekana nyingi: TNF, interlukini 1, interlukini 6, interlukini 8 na nyinginezo. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi zinazofanana. Kwa mfano, TNF na interlukini 1 zote mbili huweza kusababisha gegedu kuliwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi waliona kwamba kuzuia sitokini moja kusingekuwa na faida, kwani zilizobaki zingeshika nafasi yake.

Kugunduliwa kwa TNF

TNF ilielezwa kwanza mwaka 1975 mjini New York, Marekani, na kundi la watafiti walioongozwa na Lloyd Old, akiwemo Elizabeth Carswell. Walichukua panya waliochanjwa BCG, chanjo ileile inayotumika dhidi ya kifua kikuu, kisha wakawadunga sumu inayotokana na bakteria. Damu ya panya hao ilikuwa na kitu kilichoweza kuua nyama ya saratani katika panya wengine. Herufi TNF ni kifupisho cha jina la Kiingereza lenye maana ya "kisababishi cha kufa kwa uvimbe wa saratani".

Jeni la TNF la binadamu lilinakiliwa mwaka 1984. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba TNF ni protini ileile ambayo watafiti wengine walikuwa wakiichunguza kama chanzo cha kukonda kwa wanyama wenye maambukizi ya muda mrefu. Matumaini ya kuitumia kama dawa ya saratani yalififia kwa sababu ilikuwa na sumu kali mno ikiingizwa katika damu.

Uchunguzi wa seli za viungo

Marc Feldmann alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Lviv, ambao sasa uko Ukraine. Alikulia Ufaransa na Australia, akasomea udaktari Melbourne, kisha akahamia London kufanya utafiti wa mfumo wa kinga. Ravinder Maini alizaliwa mwaka 1937 Ludhiana, India, na kukulia Uganda, ambako baba yake, Amar Maini, alipata kuwa meya wa Kampala. Alisomea udaktari Uingereza na kuwa bingwa wa magonjwa ya viungo na mtafiti katika Kennedy Institute of Rheumatology, London. Wawili hao walianza kushirikiana katikati ya miaka ya 1980, mmoja akileta ujuzi wa seli na mwingine ujuzi wa wagonjwa.

Wagonjwa wa baridi yabisi ambao viungo vyao vimeharibika sana hufanyiwa upasuaji, na katika upasuaji huo utando uliougua hukatwa na kutupwa. Watafiti waliomba utando huo. Maabara waliuyeyusha kwa vimeng'enya hadi seli zikaachana, kisha wakazilea katika vyombo vyenye lishe, kwa joto la mwili. Mchanganyiko huo ulikuwa na seli T, makrofaji (seli kubwa zinazomeza vijidudu) na seli za utando wenyewe.

Katika kazi hiyo mambo mawili yalikuwa muhimu. Kwanza, seli hazikutenganishwa kwa aina, ila ziliachwa pamoja kama zilivyokuwa ndani ya kiungo. Pili, hazikuongezewa kemikali yoyote ya kuzichochea. Hata hivyo ziliendelea kutoa sitokini kwa siku kadhaa. Maana yake ni kwamba kichocheo cha ugonjwa kilikuwa bado kimo ndani ya mchanganyiko, na kingeweza kutafutwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzuia sitokini moja na kutazama nyingine zinafanya nini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1989, ambalo mwandishi wake wa kwanza alikuwa Fionula Brennan, seli za wagonjwa 7 wa baridi yabisi ziliwekewa antibodi inayokamata TNF. Antibodi ni protini ya kinga inayojishikiza kwenye kitu kimoja tu na kukizuia kufanya kazi. Matokeo yalikuwa kwamba interlukini 1 nayo ilipungua sana, ingawa antibodi ile haikuigusa. Seli za wagonjwa 7 wenye kuchakaa kwa viungo zilipofanyiwa vivyo hivyo, interlukini 1 ilipungua katika sampuli moja tu.

Kwa hiyo sitokini za baridi yabisi hazikuwa zikifanya kazi kila moja kivyake. Zilipangana kama mlolongo: TNF huamsha interlukini 1, na majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba huamsha nyingine pia. Wazo kwamba kuzuia moja hakutafaa halikuwa sahihi kwa ugonjwa huu.

Mwaka 1992 kundi hilohilo lilichapisha matokeo ya panya waliosababishiwa ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi. Waliopewa antibodi dhidi ya TNF hawakuvimba sana, na viungo vyao viliharibika kidogo kuliko vya wenzao, hata pale antibodi ilipotolewa baada ya ugonjwa kuanza.

Majaribio kwa wagonjwa

Kujaribu wazo hilo kwa binadamu kulihitaji antibodi nyingi ya aina moja. Njia ya kuitengeneza ilikuwa imevumbuliwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kampuni ya Marekani ya Centocor ilikuwa na antibodi dhidi ya TNF, ambayo sehemu yake ndogo ilitokana na panya na sehemu kubwa ilitokana na binadamu. Ndiyo ambayo baadaye iliitwa infliksimabu.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1992 katika hospitali ya Charing Cross, London. Wagonjwa walikuwa 20, wote wakiwa na ugonjwa mkali uliokataa dawa nyingine. Idadi ya kati ya viungo vilivyovimba ilishuka kutoka 18 hadi 5 katika muda wa wiki 6, na ukakamavu wa asubuhi ulipungua sana. Baada ya miezi kadhaa ugonjwa ulirudi. Baadhi yao walipopewa dawa tena, walipata nafuu tena. Jambo hilo lilionyesha kwamba tiba hii hutuliza ugonjwa pasipo kuuponya.

Kwa kuwa katika jaribio hilo kila mtu alijua anapewa dawa ya kweli, lilihitajika jaribio la ulinganisho. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Wagonjwa 73 katika vituo 4 vya Ulaya waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, na wala wao wala madaktari wao hawakujua nani amepewa nini. Baada ya wiki 4, waliopata nafuu walikuwa asilimia 79 ya waliopewa kipimo kikubwa, asilimia 44 ya waliopewa kipimo kidogo, na asilimia 8 tu ya waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani yake.

Dawa zilizotokana na utafiti

Dawa tatu za kwanza ziliidhinishwa Marekani kwa mfuatano ufuatao:

Infliksimabu iliidhinishwa mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, na mwaka 1999 kwa baridi yabisi ikitumiwa pamoja na methotreksati. Hutolewa kwa dripu.

Etanesepti iliidhinishwa mwaka 1998 kwa baridi yabisi. Si antibodi kamili. Ni nakala ya kipokezi cha TNF inayoelea katika damu na kuinasa TNF kabla haijafika kwenye seli. Hudungwa chini ya ngozi.

Adalimumabu iliidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2002. Ni antibodi isiyo na sehemu ya panya, nayo hudungwa chini ya ngozi. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani.

Feldmann na Maini walipewa tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba mwaka 2003.

Mipaka ya tiba

Tiba ya kuzuia TNF haimsaidii kila mgonjwa. Wengine hawapati nafuu ya kutosha tangu mwanzo, na wengine dawa huacha kuwasaidia baada ya muda kwa sababu miili yao hutengeneza antibodi dhidi ya dawa yenyewe.

Vilevile kuzuia TNF hakufai kwa kila mchochota. Dawa za namna hii zilijaribiwa kwa wagonjwa wa sumu ya bakteria katika damu bila mafanikio yaliyotarajiwa. Zilipojaribiwa katika ugonjwa wa skilirosisi ya ubongo na uti wa mgongo, hali ya wagonjwa ilizidi kuwa mbaya. Kwa hiyo kila ugonjwa unahitaji kuchunguzwa kwa seli zake wenyewe.

Hatari ya kifua kikuu

TNF ina kazi ya lazima mwilini. Bakteria wa kifua kikuu wanapoingia katika mapafu, mara nyingi mwili hauwaui wote. Makrofaji na seli nyingine huwazunguka na kuwafungia ndani ya vifundo vidogo, na mtu huweza kuishi miaka mingi bila kuugua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hao. TNF ni mojawapo ya vitu vinavyoshikilia vifundo hivyo. Ikizuiwa, vifundo huweza kubomoka na bakteria wakatoka.

Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu. Wengi waliugua katika miezi ya mwanzo ya tiba, na katika zaidi ya nusu yao ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu, hali ambayo si ya kawaida kwa watu wenye kinga nzuri. Tangu hapo imekuwa kanuni kwamba kabla ya kuanza tiba mgonjwa aulizwe kama amewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu, apigwe picha ya kifua, na apimwe kwa kipimo cha ngozi au cha damu. Akikutwa na maambukizi yaliyolala, hupewa kwanza dawa za kinga, kwa mfano isoniazidi. Kikohozi cha muda mrefu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda wakati wa tiba ni dalili za kumwona daktari mara moja.

Onyo hili lina uzito wa pekee katika Afrika ya Mashariki na Kati. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mgonjwa wa viungo katika nchi hizo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na bakteria waliolala kuliko wagonjwa wa London waliofanyiwa majaribio ya kwanza.

Bei na upatikanaji

Dawa hizi hutengenezwa na seli hai zinazolelewa katika matangi makubwa, kisha husafishwa na kutunzwa katika baridi hadi zinapomfikia mgonjwa. Utengenezaji huo ni ghali kuliko wa vidonge vya kawaida, na mgonjwa huhitaji dawa kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo zimekuwa mbali na uwezo wa wagonjwa wengi wa nchi maskini.

Hali ilianza kubadilika haki za uvumbuzi zilipokwisha na viwanda vingine kuruhusiwa kutengeneza dawa zinazofanana nazo. Nakala ya kwanza ya infliksimabu iliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa nyingine za kundi hilo zinazoweza kutumika badala yake. Orodha hiyo ni mwongozo kwa serikali katika kuchagua dawa za kununua, lakini hailazimishi nchi yoyote kuzinunua.

Methotreksati, ambayo ni vidonge vya bei nafuu, hubaki kuwa msingi wa matibabu. Ikianzwa mapema na kusimamiwa vizuri kwa vipimo vya damu na ini, huwatosha wagonjwa wengi. Ucheleweshaji wa kumwona daktari una madhara makubwa kwa sababu mfupa na gegedu vilivyokwisha kuliwa havirudishwi na dawa yoyote, ikiwemo ya kuzuia TNF.

Utafiti uliofuata

Mafanikio ya kuzuia TNF yalifungua njia ya kutafuta sitokini na seli nyingine za kuzuiwa. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi ziko sasa dawa zinazozuia kipokezi cha interlukini 6, dawa zinazoondoa seli B za damu, na vidonge vinavyokatiza ujumbe wa sitokini ndani ya seli.

Njia ya kuchunguza seli nayo imeendelea. Zamani watafiti walipima kilichotolewa na mchanganyiko mzima wa seli. Siku hizi huweza kusoma ni jeni zipi zinazofanya kazi katika kila seli peke yake. Utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2019 ulitambua makundi 18 ya seli katika utando wa viungo wenye ugonjwa. Moja ya malengo ya kazi hiyo ni kujua kwa nini dawa ileile humwinua mgonjwa mmoja kitandani na mwingine haimsaidii, ili siku moja kila mmoja apewe inayomfaa kabla viungo vyake havijaharibika.